Sarafu Iliyokanwa

Jiwe la Fundi Karati lilikuwa sahaulifu, na huo ndio ulikuwa uzuri wake. Mchana kutwa lilisuguliwa pete na mikufu ya watu, kila kimoja kikaacha mstari mwembamba wa manjano juu ya weusi wake, na jioni binti yake alilipaka mafuta, akalifuta kwa kitambaa, likarudi kuwa jeusi tii kana kwamba halijawahi kukutana na mtu. Punje alikuwa amelifuta hivyo kwa miaka saba. Kwa hiyo Jumanne ile, alipofungua duka na kukuta mstari mmoja umelala katikati ya jiwe, mnene kuliko mistari yote aliyowahi kuiona, alidhani tu kwamba jana yake alikuwa na haraka.

Alilifuta, mstari ukaondoka. Alipomaliza kufagia na kurudi kaunta, mstari ulikuwepo.

Alilifuta tena, safari hii kwa sabuni, kisha kwa msasa laini, akibonyeza mpaka vidole vikamuuma. Baba yake alipoingia na gazeti kwapani, alimkuta amelishika jiwe kwenye mwanga wa mlangoni.

"Umeanza kuliogesha jiwe?" alimtania. "Kesho utalitafutia mchumba."

"Baba, huu mstari hautoki."

Fundi Karati aliutazama, kicheko kikamwishia mdomoni. Akalichukua jiwe na kulitia ndani ya droo. "Achana nao," alisema. "Tuna kazi."

Wote wawili walijua mstari ule ni wa nini, na hapo lazima nirudi nyuma siku moja, maana ubaya huu haukuanza na jiwe. Jiwe lilikuwa shahidi tu.

Fundi Karati alikuwa amefanya kazi ya usonara kwa miaka thelathini na mitatu. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu aliweza kuitazama pete kidoleni mwa mtu anayepita ng'ambo ya barabara akakwambia ni ya karati ngapi, na hakuwa akikosea. Macho yake yalikuwa ya kweli, mdomo ndio uliokuwa na mambo. Ukimpelekea dhahabu ya karati ishirini na moja anunue, atakwambia kumi na tisa. Ya kumi na nane atakwambia kumi na sita. "Mbili za fundi hizo," alimwambia binti yake akicheka. "Muuza nyama hapimi na mfupa?" Alikuwa amezipunguza hizo mbili kwa miaka mingi mpaka zikawa zinapungua zenyewe, kama mtu anavyojibu "nzuri" kabla hujamaliza kumuuliza habari za wapi.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakumpunguzia kitu. Mtoto wake wa pekee alipozaliwa, kadogo ka kulala kwenye viganja viwili, alimwita Punje, akamfulia hereni mbili za karati ishirini na nne, dhahabu isiyochanganywa na kitu, laini hata zikawa zinapinda kila mtoto akilalia sikio. Nyuma ya kila moja alichonga nukta tatu, alama ambayo hakuiweka kwenye kazi nyingine yoyote. Punje sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, yeye ndiye mng'arishaji wa duka, na hereni zilikuwa bado masikioni.

Basi Jumatatu, saa sita mchana, jua likiwa utosini na mtaa umeshaanza kufunga kwa chakula, aliingia mama mmoja mshonaji. Ungemjua ni mshonaji kwa futi ya kupimia iliyosahaulika shingoni. Alifungua fundo la pembe ya leso yake, akaweka sarafu juu ya kioo cha kaunta.

"Mume wangu alikuwa nayo, na baba yake kabla yake," alisema. "Sasa mume ametangulia, na mimi macho ya kutungia uzi yananiacha. Nataka kujua tu hiki ni kitu gani."

Ilikuwa nene, pana kama kifungo cha koti. Kwenye sarafu nyingi mtawala hutazama pembeni, lakini huyu alikuwa ametazama mbele, macho yake yakikutana na yako, midomo imefumbwa kama mtu anayesubiri wewe uanze kuzungumza. Kumzunguka kulikuwa na maandishi ambayo hakuna aliye hai anayeyasoma.

Fundi Karati alijishika ncha ya sikio. Punje, aliyekuwa kwenye mashine ya kung'arishia, aliiona ishara hiyo na akaijua. Baba hushika sikio akiona dhahabu ambayo haijachanganywa na kitu.

Pale kaunta palikuwa na chupa mbili za tindikali. Ya kwanza ilikaa wazi, kila mteja aliiona. Unasugua pete kwenye jiwe, unadondoshea tone: kama ni shaba, mstari unachemka na kupotea, kama ni dhahabu, mstari unakaa. Ya pili ilikaa chini, nyuma ya matambara. Kazi yake halali ilikuwa kuyeyushia mabaki, kwa maana ilikuwa kali kupindukia. Ilikula hata dhahabu.

Fundi aliisugua sarafu kwenye jiwe. Mkono wake ukaenda chini ya kaunta.

Tone liliangukia mstari, mstari ukafoka povu la kijani, ukapotea.

"Umeona mwenyewe, mama," alisema kwa upole. "Hii ni shaba. Imechovywa tu."

Mama mshonaji aliinama, akalitazama jiwe kwa muda. "Mume wangu aliniambia, uza ukitaka, gawa ukitaka, lakini isikanwe."

"Mimi siikani. Jiwe ndilo limeikana."

"Na wewe, binti?" Mama alimgeukia Punje. "Umeona hivyohivyo?"

Punje aliiona chupa. Aliuona mkono wa baba yake ukitoka nyuma ya matambara. Aliinamia mashine, akasema, "Fundi ni baba, mama. Mimi nang'arisha tu."

"Basi siyo ile aliyonisimulia," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa mara ya pili. "Baki nayo."

"Kwa kuwa umetoka mbali na jua lote hili," Fundi Karati alimwambia, akifungua droo, "nitakupa nauli."

Mama alipokwisha kutoka, wakiwa bado hawajatazamana, nyuma ya duka, kwenye fuawe ambako hapakuwa na mtu, nyundo iligonga mara moja. Ngo! Ilikuwa sauti ya mtu anayepiga chapa kwenye sarafu.

"Panya," alisema Fundi Karati. Nikwambie ukweli, kama panya wa duka lile walikuwa wakishika nyundo, basi hata wao walistahili mshahara.

Tangu hapo kila siku ilikuja na lake. Jumanne ndiyo hiyo ya mstari. Jumatano kulianza harufu, ile ya chuma kinachokaribia kuyeyuka, inayokukaa kwenye ulimi mpaka maji ya kunywa yanakuwa na ladha ya ufunguo, na kalibu ya kuyeyushia dhahabu ilikuwa baridi, haikuwashwa tangu wiki iliyopita. Saa sita mchana nyundo ikagonga tena mara moja. Fundi aliitoa sarafu kwenye kasha la chuma, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, akaitazama, akakiweka kioo chini polepole.

"Punje. Njoo utazame midomo."

Alitazama. Midomo ya mfalme ilikuwa imeachana, upana wa unywele.

"Ni kivuli, baba."

"Eeh. Ni kivuli."

Jioni ileile jirani wa duka la vitambaa, aliyemjua Punje tangu anatambaa na ambaye mara mbili alimfumania akila chaki zake za kukatia nguo, aliingia kuchukua pete aliyotengenezewa. Punje akampa.

"Asante, dada," alisema, kisha akamgeukia Fundi. "Umepata msaidizi mpya? Ana mikono mizuri. Na yule binti yako, ameolewa?"

Wakacheka wote watatu. Jirani alicheka kwa adabu, kama mtu asiyeelewa kichekesho chenyewe, akatoka. Hapo Punje akaacha kucheka.

Alhamisi alimpigia simu shangazi yake, dada wa baba, kama alivyozoea kila wiki. "Shangazi, shikamoo. Ni mimi, Punje." Shangazi akauliza, "Punje gani?" Akajieleza, akicheka, halafu bila kucheka, halafu kwa sauti iliyoanza kupanda. Shangazi alimsikiliza kwa subira, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, umekosea namba. Kaka yangu hakujaliwa mtoto." Akakata.

Fundi Karati hakuwa mtu wa kuamini majini, lakini alikuwa mtu wa kuamini moto. Kitu kinachosumbua huyeyushwa. Ijumaa, kabla ya saa sita, alifunga mlango kwa komeo, akawasha kalibu, akaiweka sarafu ndani ya chungu cha kuyeyushia na kuvuta moto mpaka kuta za chungu zikawa nyeupe. Punje alisimama nyuma yake na koleo.

Dhahabu huyeyuka, hiyo ndiyo tabia yake, inalegea pembeni kwanza, halafu inakusanyika kama tone la maji, na Fundi alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi kuliko alivyowahi kuuona uso wake kwenye kioo, lakini sarafu ile ilikaa katikati ya moto bila kulegea popote, ikawa nyekundu, ikawa ya machungwa, ikawa nyeupe, na kadiri ilivyozidi kuwaka ndivyo uso ulivyozidi kuinuka juu ya duara lake, paji, mashavu, kidevu, mpaka mfalme akawa anawatazama kutoka ndani ya chungu kama mtu anayetazama kutoka kisimani, na midomo yake, iliyokuwa imeachana upana wa unywele, ikafunguka yote.

"Unanijua?"

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka kwenye moto, ikatoka kwenye jiwe ndani ya droo, na Punje aliisikia hata kwenye hereni zake, zikitetemeka masikioni na kupata joto.

"Sonara. Sema. Unanijua?"

"Baba, mwambie ndiyo," Punje alinong'ona. "Mwambie unamjua. Tafadhali, baba."

Lakini hofu ina haraka zake. "Sikujui!" Fundi Karati alipiga kelele. "Sikujui! Toka kwangu!"

Moto ukazimika pu, kana kwamba umefunikwa kwa kiganja. Sarafu ilikuwa baridi ndani ya chungu, midomo wazi. Kwenye fuawe nyundo ikagonga.

Walifika nyumbani jua linazama. Mama yake Punje alikuwa akiandaa meza. Punje alipoingia akaona sahani mbili, na kabla hajauliza, mama aliinua kichwa na kumtabasamia tabasamu zuri la ukarimu, lile analowapa wageni.

"Karibu, binti. Unamtafuta nani?"

"Mama."

"Mama yako? Anaitwaje? Labda namfahamu." Akamgeukia mumewe. "Mume wangu, umemleta mgeni hukuniambia, ningeongeza chakula."

Punje alikwenda ukutani, akaitoa ile picha yao watatu, yeye katikati akiwa na sare ya shule na pengo la meno mawili, akamwekea mbele ya macho, akamwambia, mama nitazame, nitazame mimi, hapa nilikuwa na miaka saba, siku ile nilianguka kwenye ngazi ukanibeba mgongoni mpaka hospitali, una alama hapa mkononi niliyokuuma nilipokuwa nachomwa sindano, na mama aliitazama alama mkononi mwake, akaipapasa, akamtazama binti, na machoni mwake hapakuwa na kitu ila huruma kwa mtoto wa watu aliyepotewa na akili.

"Pole, mwanangu," alisema. "Mungu atakusaidia utawapata."

Usiku huo hawakulala nyumbani. Walirudi dukani, baba na binti, wakakaa nyuma ya kaunta taa zote zikiwaka. Fundi Karati alichukua kalamu akaandika kwenye kiganja cha mkono wake wa kushoto: Punje ni mwanangu. Herufi zilikuwa zimelala upande.

"Bado mimi tu," alisema.

"Usiniache, baba."

"Nikuache niende wapi?" Alikuwa akilia. "Wewe ndiye kazi yangu ya pekee ambayo sikuidanganya."

Alfajiri walimwita Sista. Alikuwa muuguzi mstaafu anayekaa chumba cha juu ya duka, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, na baada ya miaka arobaini wodini alikuwa ameshaona kwamba si kila homa hutibiwa kwa sindano. Waliosumbuliwa na majini walimfuata kimyakimya, na yeye aliwahudumia kwa ukali uleule wa wodini. Alilishika jiwe, akalinusa. Aliitazama sarafu bila kuigusa. Alimshika Punje kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Sikufahamu," alimwambia wazi. "Nimepita hapa kila siku miaka ishirini, na sikufahamu. Kwa hiyo jini yupo." Akamkazia macho Fundi. "Ulimfanya nini?"

Fundi akaeleza yote. Alipofika kwenye chupa ya pili alinong'ona, Sista akamwamuru arudie kwa sauti.

"Huyu hataki ubani, wala hataki damu," Sista alisema. "Mlete mwenye sarafu, maana laana haimshiki mwenye mali. Upesi."

Mama mshonaji aliletwa saa tano. Alipoingia tu, alimtazama Punje na kusema, "Hujambo, binti wa fundi?" Punje alikuwa hajaitwa hivyo na mtu yeyote tangu Jumatano, akakaa chini palepale sakafuni, akajifunika uso.

Alipoambiwa ukweli wa sarafu, mama hakupaza sauti. Alifungua pembe ya leso, akaikuta tupu, akaifunga tena.

"Basi sikieni niliyosimuliwa na mume wangu," alisema. "Huyu mfalme aliapa dhahabu yake haitachanganywa na kitu. Ndugu yake akautaka ufalme. Akawahonga masonara saba. Walisimama mbele ya watu, mchana wa jua kali, wakaisugua sarafu kwenye jiwe, wakaidondoshea maji yao, wakasema: shaba. Watu wakamgeuka. Alipokamatwa, wakamleta mkewe: unamjua huyu? Kwa woga akasema, simjui. Wakawaleta watoto. Nao wakasema hatumjui. Alizikwa kama mtu asiye na mtu, na sarafu zake zikayeyushwa zote isipokuwa hii, aliyokuwa ameificha chini ya ulimi. Masonara wale saba hawakuuawa na mtu. Waliishi mpaka uzeeni, kila mmoja akipishana njiani na mwanawe bila kumjua."

Harufu ya chuma ilikuwa imejaa dukani, wakawa wanapumulia midomo.

"Alikanwa mbele ya watu," Sista akasema, "basi na ashuhudiwe mbele ya watu. Saa sita, nje, barabarani. Useme yote, Fundi. Umenisikia? Usipunguze hata chembe. Ukisema yote atakuacha."

Punje alilibeba jiwe. Baba yake aliibeba sarafu na chupa mbili. Walitoa kigoda cha dukani, wakakiweka katikati ya barabara, jua likiwa utosini na vivuli vyote vimejificha chini ya miguu. Watu waliokuwa wakifunga maduka wakasogea. Mtaa haukosi nafasi ya kutazama. Jirani wa vitambaa alikuja na mkasi wake mkononi, na nyuma kabisa Punje alimwona mama yake, ameshika kapu la sokoni, amesimama tu.

"Ndugu zangu," Fundi Karati alianza. Akatazama kiganja chake. Akaanza upya. "Jumatatu mama huyu aliniletea sarafu hii. Nilimwambia ni shaba. Nilidanganya."

Minong'ono ikapita. Aliisugua sarafu kwenye jiwe, kando ya mstari ule usiofutika, akadondosha tone la chupa ya kwanza. Mstari ulikaa, ukang'aa. Akainua chupa ya pili juu, wote waione. "Hii ndiyo niliyotumia. Hii inakula hata dhahabu. Nimeitumia kwa huyu mama, na nimeitumia kwa wengine, baadhi yenu mko hapa."

"Mwizi wewe!" mtu alipaza sauti.

"Ni kweli," alisema Fundi. "Mimi ni mwizi. Sarafu hii ni dhahabu, na mfalme aliyeitoa alikuwa mkweli."

Harufu ikakatika. Ilikatika ghafla, na upepo wa kawaida, wenye vumbi na moshi wa magari, ukapita. Punje alihisi hereni zimepoa. Jirani wa vitambaa alimtazama, akakunja uso, akatazama tena. "Punje?" alisema. "We, Punje! Mbona umekonda hivyo?" Na kule nyuma kapu la sokoni lilianguka, viazi vikatawanyika barabarani, na mama yake alikuwa akisukuma watu akija mbele, mdomo ukitafuta jina, "Pu... Pu...", mikono imenyooshwa, na Punje alianza kumkimbilia.

Kulikuwa na mnunuzi mmoja katikati ya watu, mtu wa biashara zake, hakuwa na ubaya na mtu. Aliuliza swali ambalo mnunuzi yeyote angeuliza.

"Karati ngapi hiyo, fundi?"

"Ishirini na mbili," alisema Fundi Karati.

Hakufikiri. Nataka uelewe hivyo, maana mimi mwenyewe nimemkasirikia mtu huyu tangu mwanzo, na bado hapo namwonea huruma. Macho yake yalijua ni ishirini na nne. Mdomo ulitangulia, kwa sababu miaka thelathini na mitatu ulikuwa umetangulia. Aliusikia mwenyewe, akageuka haraka kumtazama binti yake, akafungua kinywa kusahihisha.

Kutoka ndani ya duka lililokuwa tupu, nyundo iligonga. Ngo!

Mama alisimama hatua mbili kutoka kwa Punje. Mikono yake, iliyokuwa imenyooshwa, ilishuka. Akatazama chini, akaona viazi, akasema, "Jamani, viazi vyangu," akainama kuokota. Jirani wa vitambaa alirudi dukani kwake. Na Fundi Karati alikuwa amesimama na kinywa wazi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akatazama kiganja cha mkono wake wa kushoto. Wino ulikuwa umelowa jasho. Alichukua kile kitambaa chenye mafuta cha kufutia jiwe, akakifuta kiganja taratibu, mpaka kikawa safi.

"Baba," Punje alisema.

Fundi alitazama nyuma yake kuona nani anaitwa.

Sista alivua miwani, akageuka pembeni. Mama mshonaji aliokota sarafu juu ya kigoda. Midomo ya mfalme ilikuwa imefumbwa tena, na ungeweza kuapa kwamba pembe zake zimeinuka kidogo. Aliifunga kwenye leso, akamshika Punje mkono. "Twende kwangu, mwanangu," alimnong'oneza. "Mimi nakujua. Twende."

Punje aliutoa mkono wake. Alikuwa na kitu kimoja kilichobaki.

Alimfuata baba yake ndani. Fundi alikuwa amekwisha kurudisha chupa mahali pake, moja juu na moja chini, na jiwe lilikuwa kaunta, jeusi tii, halina mstari hata mmoja. Punje alivua hereni ya sikio la kulia. Aliigeuza, zile nukta tatu zikawa juu, akaiweka kwenye kioo mbele ya mtu aliyeifua.

"Nataka kujua hiki ni kitu gani," alisema.

Fundi Karati aliichukua. Aliigeuza kwenye mwanga, akazipapasa nukta tatu kwa ncha ya kidole gumba, mara moja, mara mbili. Kisha Fundi akajishika ncha ya sikio. Akaisugua hereni kwenye jiwe.

Mkono wake ukaenda chini ya kaunta, nyuma ya matambara.

"Umeona mwenyewe, binti," alisema kwa upole, povu la kijani lilipotulia. "Hii ni shaba. Imechovywa tu." Akafungua droo. "Lakini kwa kuwa umetoka mbali na jua lote hili, nitakupa nauli."